Turbo ya kuzaliwa nayo na turbo ya kubandikwa

Katika mazungumzo ya juma hili nakusudia kujibu barua ya mwalimu mmoja mstaafu wa Mamba, milimani Upare ya Kusini, wilaya ya Same. Mwalimu huyu ametenga sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake ili anunue gari la kushusha abiria na magunia ya tangawizi kutoka kijijini hadi Same mjini. Dar es Salaam ameonyeshwa Land Cruiser mbili za mtumba, za umri mmoja, bei zao zikikaribiana. Moja ina turbo, nyingine haina. Dalali anamhimiza achukue yenye turbo, eti kwayo mlima utageuka tambarare. Fundi wake wa Same naye amemwapia kwamba akinunua turbo asimpelekee gari hilo gereji. Mwalimu anauliza ni yupi kati ya hao wawili anayemdanganya.

Ni swali zito. Kiinua mgongo hakilipwi mara mbili, na gari likifia kwenye kona ya mlima usiku huwa lina watu ndani yake, wengine wagonjwa wanaoshushwa hospitali. Lakini nimelipenda kwa sababu nyingine pia. Mabishano ya turbo, yanayojaza vijiwe vyetu vya mjini kila Jumamosi, huendeshwa kana kwamba kitu hiki kililetwa juzi na meli za magari kutoka Japani. La hasha. Kina zaidi ya miaka 100, na wazo lenyewe lilikuwa likifanya kazi huko huko Upareni karne nyingi kabla ya hapo.

Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, ametueleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 habari za Washana, ukoo wa wahunzi waliotawala Ugweno, Upare ya Kaskazini, kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Chuma cha Upare kilitafutwa na majirani, Wachaga wakiwa miongoni mwao. Sasa hebu tumtazame mhunzi kazini. Hakai kungoja upepo uje wenyewe. Anavukuta. Mvukuto unasukuma hewa ndani ya moto, na makaa yale yale yanatoa joto ambalo yasingelitoa kama yangeachwa yawake yenyewe. Lakini mhunzi anajua jambo jingine ambalo dalali wa magari halijui, au analijua na kulinyamazia: ukitaka kuvukuta kwa nguvu, lazima tanuri lenyewe lijengwe la kuhimili moto huo.

Injini ya gari ni tanuri la namna hiyo. Ile isiyo na turbo, ambayo mafundi wetu huiita ya kawaida, huvuta pumzi kwa nguvu zake: pistoni ikishuka, hewa inafuata. Haipati zaidi ya kile ambacho anga inampa kila mtu. Yenye turbo ina mvukuto. Moshi wa ekzosi, badala ya kwenda zake bure, unapitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapezi. Gurudumu hilo linazunguka na kuzungusha jingine lililo upande wa pili wa shafti, na hilo la pili ndilo linalosukuma hewa kwenda kwenye silinda. Yote mawili huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na shafti yake haigusi chuma, inaelea katika utando mwembamba wa oili. Naomba msikilizaji uikumbuke oili hiyo, maana ndiyo itakayoamua kesi hii.

Aliyesajili wazo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Ilimchukua miaka mingi kulifanya lifae, na mafanikio yake makubwa yalikuja katika miaka ya 1920, kwenye injini kubwa za dizeli za meli. Kabla ya hapo, mwaka 1918, Mmarekani Sanford Moss alifanya jaribio ambalo mtu wa milimani angelielewa mara moja. Alipakia injini ya ndege aina ya Liberty kwenye lori, akaipandisha mlima wa Pikes Peak, jimbo la Colorado, hadi kimo cha mita zipatazo 4,300. Huku chini injini hiyo ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 350. Kule kileleni, bila turbo, ilitoa 230. Ilipofungwa turbo ikatoa 356.

Maana yake nini kwa Upare? Kila upandapo mita 1,000, hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu ya kumi, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, kina mita 2,462. Vijiji viko chini ya hapo, lakini dereva anayepanda kutoka uwandani Same, magunia yamejaa ndani na mengine kwenye keria, anaijua hasara hiyo kwa mguu wake. Anakanyaga, gari linatoa moshi mweusi, halisogei. Kwa hiyo kuhusu mlima dalali hajasema uongo. Turbo ilipelekwa milimani tangu ilipokuwa changa, na huko ndiko ilikotoa ushahidi wake wa kwanza.

Linalobaki ni suala la maisha. Je, mvukuto huo unaifupishia injini umri?

Tuyatazame malori kwanza. Volvo ya Sweden ilitoa lori lake la Titan Turbo mwaka 1954, na injini iliyokuwa na nguvu za farasi 150 ikafika 185. Jirani zao wa Scania walifuata, wakaongeza herufi S katika jina la injini: D11 haina turbo, DS11 inayo. Scania hatuhitaji kuelezwa, kwani nyingine ziliunganishwa hapa hapa nchini, katika kiwanda cha TAMCO, Kibaha. Kwa miongo mingi zimekuwa zikipita Same usiku na mchana katika barabara kuu ya kwenda Moshi, na sijapata kusikia utingo akiziita mayai. Lori kubwa la leo lisilo na turbo ni la kutafuta kwa tochi. Kama turbo peke yake ingekuwa ugonjwa, nchi hii isingekuwa na simenti wala sukari madukani.

Magari madogo yalianza vibaya. Mwaka 1962 Wamarekani walitoa Oldsmobile Jetfire, gari la petroli lenye turbo, ambalo ili injini yake isijidhuru ilibidi inyweshwe maji yaliyochanganywa na methanoli kutoka tangi la pembeni. Wenye magari walisahau kulijaza tangi hilo. Mwaka 1963 likaondolewa sokoni. Miaka 15 baadaye, 1978, Mercedes-Benz ilitoa 300SD, gari dogo la kwanza la dizeli lenye turbo. Hapa Wajerumani walifanya kama mhunzi. Waliimarisha krenkshafti, wakaweka vijirija vya kurushia pistoni oili kutoka chini ili zipoe, na valvu za ekzosi wakazijaza sodiamu ndani iondoe joto. Injini hiyo ya silinda tano mpaka leo hutajwa miongoni mwa zile zilizoishi sana duniani, nayo ni ya turbo.

Wapenzi wa mashindano ya Safari watakuwa wameshaanza kuninong'oneza. Nawajua, nami ni mmoja wao. Enzi mashindano hayo yalipokuwa ya Afrika Mashariki nzima, Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 isiyo na turbo. Shekhar Mehta wa Kenya akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun zisizo na turbo. Ndipo 1984 Björn Waldegård akashinda kwa Toyota Celica ya turbo, na tangu hapo hadi 2002, Safari ilipotoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia, kila gari lililoshinda lilikuwa na turbo. Ushahidi huu hupendwa sana vijiweni, lakini mimi siupi uzito mkubwa. Gari la mashindano hufuatwa na kikosi cha mafundi na sanduku zima la spea, na injini yake hufunguliwa ikajengwa upya kabla haijazeeka. Mwalimu wa Mamba anataka gari la miaka 15, na kikosi chake ni fundi mmoja.

Kwa watu wa Upare, sifa ya turbo haikutokana na Safari. Ilitokana na Land Rover. Land Rover za zamani zisizo na turbo ndizo zilizopanda barabara za huko, ambazo nyingi zilichimbwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji. Zilikwenda polepole, zilivuja oili, zilipiga kelele, lakini fundi mwenye spana chache alizitengeneza chini ya mti na safari ikaendelea. Mwaka 1986 kiwanda kikatoa Land Rover ya dizeli yenye turbo. Kilichukua injini yake ya lita 2.5 yenye nguvu za farasi 68, kikaifanyia marekebisho kadhaa na kuifikisha 85. Tatizo ni kwamba asili ya injini hiyo ilikuwa ya miaka ya 1950, enzi ambazo hakuna aliyefikiria kuivukutia. Matokeo yake yanajulikana popote Land Rover ilipofika: pistoni zilipasuka, injini zilichemsha, na oili ilivutwa kutoka chini ikaingia kwenye njia ya hewa. Mwaka 1989 kiwanda hicho hicho kikaja na nyingine, 200Tdi, iliyosanifiwa kwa ajili ya turbo, na malalamiko yakapungua sana. Lakini sifa mbaya haifuliwi ikatakata kwa siku moja, na fundi aliyefungua injini za 1986 hakuwa tayari kuzisikiliza habari za 1989.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Kuna turbo ya kuzaliwa nayo na kuna turbo ya kubandikwa. Anayeuliza kama turbo inadumu au haidumu, bila kuuliza injini hiyo ilizaliwa vipi, anauliza nusu ya swali.

Kwa Toyota tumepata mfano mzuri zaidi, maana wao walitupa pacha. Mwaka 1990 walitoa injini mbili za Land Cruiser, zote za dizeli, zote za silinda sita, zote za lita 4.2. Moja ni 1HZ, haina turbo, ina nguvu za farasi 130 hivi. Nyingine ni 1HD-T, ina turbo, ina 165 hivi. Ya kwanza ilikwenda kwenye magari ya kazi, ya misheni, ya maliasili na ya miradi ya maji, ile Land Cruiser tuiitayo mkonga kwa ajili ya bomba lake la hewa lililosimama kama mkonga wa tembo. Ya pili iliingia katika baadhi ya magari ya wakubwa, yale ambayo Watanzania waliyabatiza mashangingi. Nadhani jina lile lilikuwa la haki.

Ukizifungua, utaona kwamba tofauti yao haikuishia kwenye turbo. 1HZ huibana hewa mara 22 na ushei, na yenye turbo huibana mara 18 na ushei, kwa kuwa hewa yake inafika ikiwa imeshasukumwa. Maana yake Toyota hawakubandika, walijenga tanuri jingine. Hata hivyo 1HD-T za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa beringi za konrodi kulika mapema, na fundi mzoefu huzibadilisha kabla injini haijanoki. 1HZ haina kilema hicho. Iliendelea kuuzwa mpya barani Afrika zaidi ya miaka 30 baada ya kutolewa, na ni injini chache sana zilizopata heshima hiyo.

Lakini wapo mafundi wa mjini wanaoichukua 1HZ na kuifunga turbo iliyotoka gari jingine. Kwa miezi michache mwenye gari hutembea kama bwana harusi. Kisha, mara nyingi, silinda hedi inapasuka au pistoni inatoboka, kwa sababu vitu vile havikuandaliwa kwa joto hilo. Waliowahi kumiliki Hilux Surf za 2L-T wanaelewa ninachosema. 2L isiyo na turbo, ya lita 2.4, ilibeba abiria wa Hiace mwaka baada ya mwaka bila kulalamika. Ilipopewa turbo na kufungwa katika gari zito, ikawa maarufu kwa kupasuka hedi, ingawa iliyoipa turbo safari hii ni Toyota yenyewe.

Mwezi uliopita nilipita Same kwa ajili ya mazungumzo haya. Fundi mmoja pale mjini (sijui kama ndiye wa Mwalimu, sikumwuliza) alinitolea turbo tatu kutoka kwenye ndoo. "Ndugu mtangazaji," akaniambia, "hizi hazikufa kwa uzee." Ya kwanza mapezi yake yalikuwa yamelika kama panga la zamani. Hilo ni vumbi. Same ni mji mkavu, milima imejizuilia mvua, na chujio la hewa likichanika kidogo tu, turbo inameza mchanga siku nzima. Ya pili shafti yake ilikuwa imekatika. Ya tatu aliipasua mbele yangu. Njia ya oili ilikuwa imeziba kwa masizi magumu kama makaa.

Akanieleza hiyo ya tatu taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Gari limepanda mlima kwa gia ya kwanza na ya pili, limejaa, haliendi kasi ya kutosha rejeta ipate upepo. Turbo imeiva nyekundu. Linafika juu, abiria wanagombea mizigo yao, dereva anazima na kushuka. Injini ikizimwa, oili inasimama pale pale ilipo, ndani ya chuma chenye moto. Inaungua. Kesho inaungua tena. Dakika mbili za kuiacha injini ingurume polepole kabla ya kuzima zingetosha kuiokoa, na dakika hizo hazina gharama. Injini isiyo na turbo haizidai.

Nikamwuliza, ikiwa dawa ni nyepesi hivyo, kwa nini mafundi wa Same wanaikataa turbo? Akacheka. "Gari la milimani lina madereva watatu," akasema. "Kuna mwenye gari, kuna dereva wake, na kuna deiwaka. Mwenye gari ndiye aliyeambiwa habari za dakika mbili. Deiwaka ameambiwa hesabu ya jioni."

Kisha kuna oili yenyewe. Ile ya kupimwa kutoka kwenye dumu lisilo na jina huua injini zote, yenye turbo na isiyo nayo. Lakini ya kawaida hufa polepole na kwa kelele, ikakupa nafasi ya kujikongoja hadi Same. Turbo ikifa vibaya huweza kumwaga oili kwenye njia ya hewa, na hapo dizeli huanza kuchoma oili yake yenyewe, inanguruma bila kukanyagwa, na ukigeuza ufunguo haizimi. Kwenye barabara nyembamba yenye bonde upande mmoja, msikilizaji, hilo si jambo la kusimuliwa na mtangazaji.

Basi kwa Mwalimu nasema hivi. Hakuna aliyekudanganya. Dalali amekueleza habari za nguvu, fundi amekueleza habari za umri, na kila mmoja amekupa nusu yake. Kama gari utaliendesha mwenyewe, unabadilisha oili kwa wakati na oili hiyo unainunua dukani ikiwa na jina lake, chukua yenye turbo, lakini kabla hujalipa fundi akague beringi za konrodi na atikise shafti ya turbo kwa vidole. Ikicheza, ondoka. Kama gari litashikwa na deiwaka, chukua isiyo na turbo, kubali kupanda polepole na kupunguza magunia mawili matatu. Na ukiletewa isiyo na turbo halafu ukaona imefungwa turbo baadaye, usipoteze hata nauli ya kwenda kuiangalia.

Uchaguzi huu wenyewe hautakuwepo milele. Land Cruiser ya kazi iliyorudishwa sokoni Japani mwishoni mwa 2023 ina injini ya dizeli ya silinda nne, lita 2.8, yenye turbo ya kuzaliwa nayo na nguvu za farasi 204, ambazo 1HZ haikuziota, na mambo yake mengi yanaendeshwa na kompyuta. Magari madogo ya petroli yenye turbo nayo yameshajaa mijini. Yakichoka huko yatapelekwa milimani, kama yalivyopelekwa yote yaliyotangulia.

Fundi yule ameshaanza kujitayarisha. Kila gari la turbo analolitengeneza hulibandika kwenye dashibodi kipande cha boksi alichoandika kwa kalamu nyekundu: USIZIME, HESABU HADI MIA. Alinionyesha kimoja kilichorudi gereji pamoja na gari lake. Kwa nyuma, deiwaka alikuwa ameorodhesha magunia aliyoshusha juma lile.